Pazia Zito Halizuii Kelele

Aliyewahi kupanga chumba kimoja anaujua ule waya uliofungwa ukuta hadi ukuta, pazia linaning'inia: huku kitanda, huku makochi na runinga. Ushauri unaoandamana nalo ni wa siku nyingi: nunua kitambaa kizito, mtoto atalala hata wageni wakipiga soga. Sivyo.

Pazia ni la sitara. Kitambaa kizito kinachoweza ni kupunguza mwangwi. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu huvuma; ukitundika pazia lenye mikunjo mingi, sauti hutulia, na utulivu huo ndio unaotudanganya. Kuzuia sauti isivuke upande wa pili ni suala la uzito na mianya, na pazia ni jepesi mno mbele ya ukuta wa tofali. Besi ya redio ndiyo korofi zaidi: wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4 hivi, kitambaa halikioni kabisa. Halafu tazama juu ya waya. Mara nyingi pana mwanya wa kupitisha mkono, na sauti hupita hapo hapo.

Kabati lililojaa nguo husaidia kidogo zaidi. Anayetaka kimya hasa ajenge kizigeu cha jipsamu pande mbili hadi juu, katikati ajaze pamba maalumu ya kufyonza sauti, aweke mlango unaobana. Nyumba isiyo na dari ni habari nyingine: hata ukuta wa tofali hapo haufui dafu, mazungumzo ya jirani hupita chini ya bati.