Je, wajua? Kwa nini Myahudi huandika mwaka 5786 huku akiamini ulimwengu una miaka bilioni 13.8

Mwanafizikia Myahudi anapofunga ndoa, husomwa mkataba uitwao ketuba, maharusi wakiwa wamesimama chini ya kitambaa kilichotandazwa juu ya nguzo nne. Tarehe yake huhesabiwa "tangu kuumbwa kwa ulimwengu". Ndoa ya Oktoba 2025 iliandikwa mwaka 5786. Wiki inayofuata bwana harusi yuko darasani, anafundisha kwamba ulimwengu una miaka kama bilioni 13.8. Sasa anadanganya wapi?

Jibu la kwanza limo humo humo kwenye ketuba. Baada ya mwaka huandikwa: "kwa hesabu tuliyozoea kuhesabu hapa", kisha jina la mji. Ni hesabu ya mazoea. Ilitokana na kujumlisha umri wa mababu na miaka ya wafalme waliotajwa katika Biblia, kazi inayonasibishwa na Rabi Yose ben Halafta wa karne ya 2. Tena, kwa mapokeo yao, sikukuu ya mwaka mpya huangukia siku aliyoumbwa Adamu, ambayo ni siku ya sita. Nyota na milima vilikwisha kuwepo.

Basi zile siku za kabla ya Adamu zilikuwa na urefu gani? Kitabu cha Mwanzo kinasema jua liliwekwa siku ya nne. Asubuhi na jioni za siku tatu za mwanzo zilipimwa kwa nini? Neno la Kiebrania ni yom, ndugu wa damu wa yaumu tunayoisikia katika yaumu-l-kiyama, na sijaona anayedhani siku ile itakwisha magharibi ikiadhiniwa.

Maswali haya hayakuletwa na darubini. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Biblia huko Ufaransa katika karne ya 11, aliandika kwamba aya hizo hazikuja kufundisha mpangilio wa uumbaji: maji yanatajwa katika aya ya pili, wala hatuambiwi yaliumbwa lini. Kabla yake, Rabi Abahu alikuwa amesema Mungu aliumba dunia na kuziharibu, akaumba na kuharibu, mpaka akafika kwenye hii. Miaka ya 1840, Rabi Israel Lipschitz wa Danzig akasikia habari za mamothi, yule mnyama mfano wa tembo mwenye manyoya, aliyefukuliwa Siberia. Wala hakutahayari. Alifurahi: mabaki ya zile dunia za kale ndiyo haya!

Ila si wote. Rabi Menachem Schneerson, aliyesoma sayansi Berlin na Paris, alishikilia siku sita za kawaida mpaka mwisho. Na kati ya 2004 na 2005 marabi wa mrengo mkali walipiga marufuku vitabu vya Rabi Natan Slifkin kwa sababu vilikubali ukale wa dunia. Mwaka huo huo wa 2005 baraza la marabi wa Kiorthodoksi Marekani likatamka kwamba nadharia ya mageuko haipingani na imani kwa Muumba. Wapo pia wanafizikia wanaotumia kanuni za Einstein kuzivuta siku sita zifikie mabilioni. Mimi hizo hazinishawishi; ni hesabu inayofanywa jibu likiwa tayari mkononi.

Mwenye hoja nzito zaidi ni Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyeandika kwa Kiarabu huko Misri, karne ya 12. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema ulimwengu haukuwa na mwanzo. Maimonides akamkatalia, lakini akaeleza kuwa hamkatalii kwa sababu ya aya, maana milango ya tafsiri haijafungwa. Aristotle angeleta uthibitisho usiopingika, aya zingefasiriwa upya.

Uthibitisho huo haukuja. Mwaka 1964, New Jersey, Arno Penzias, Myahudi aliyewakimbia Wanazi akiwa mtoto, alikuwa na mwenzake Robert Wilson wakisugua kinyesi cha njiwa ndani ya antena, wakidhani ndicho kinacholeta mvumo usiokoma. Antena ikatakata, mvumo ukabaki. Ulikuwa mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa bado mchanga, dalili kwamba ulikuwa na mwanzo, kinyume na alivyosema Aristotle.