Je, wajua kwa nini sofa lililooshwa vizuri linanuka uvundo kesho yake?

Hii ishu inawaponza sana watu wanaoanza kuosha masofa kama kazi ya pembeni. Unaosha Jumamosi, povu la kutosha, sebule nzima inanukia, mteja kafurahi kakutumia hela, halafu Jumatatu uko ofisini simu inaita. Mimi alinipigia mama mmoja wa Tabata, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona makochi yananuka kama dekio lililosahaulika kwenye ndoo?" Nilirudi jioni ileile nikaosha upya bure, na nikaongeza sabuni. Hapo ndo nikaharibu zaidi.

Shida haikuwa sabuni, ilikuwa maji. Sponji ya kochi imejaa vitundu vidogo vidogo vilivyoungana, ukimwagia maji yanazama mpaka chini kwenye mbao ambako hewa haifiki, halafu kitambaa cha juu kinawahi kukauka kwa hiyo ukigusa unaona poa tu, kumbe ndani bado kumelowa chapachapa. Bakteria na ukungu wakishapata unyevu, joto, jasho la watu na yale maziwa mtoto aliyomwaga mwezi uliopita, siku moja au mbili zinatosha harufu kuanza. Na Dar hewa yenyewe ni nzito, msimu wa masika Machi mpaka Mei hata jinzi kwenye kamba inagoma kukauka, sembuse sponji.

Kwa hiyo mteja anakulipa zaidi kwa maji unayoyatoa kuliko unayoyaweka, na ndo maana hela yako ya kwanza inatakiwa iende kwenye mashine ya kunyonya, madumu ya shampuu yatafuata.

Halafu hii biashara ya kunyonya uchafu nyumba kwa nyumba ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1901 pale London injinia Hubert Cecil Booth alikuwa ameshaona mashine inayosafisha kwa kupuliza, vumbi linaruka juu halafu linarudi palepale, akajiuliza kwa nini isivute. Inasimuliwa kwamba akiwa mgahawani aliweka leso juu ya kiti akavuta hewa kwa mdomo mpaka akapaliwa, kuigeuza leso akakuta imejaa vumbi. Mashine aliyotengeneza ilikuwa kubwa hivi kwamba ilikokotwa na farasi, inapaki nje ya nyumba, mipira inapitishwa madirishani, na mwenye nyumba alikuwa hanunui mashine, ananunua huduma. Mwaka 1902 akaitwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla Mfalme Edward VII hajatawazwa. Kazi ileile unayoenda kufanya wewe na bodaboda yako.

Sasa mashine yenyewe hakikisha ni ile inayofyonza vumbi na maji yote mawili, kama huna mtaji kodi kwanza kwa siku. Ile ya vumbi tupu usiiingize maji kabisa, yakifika kwenye mota umeme unaweza kukupiga. Anza kunyonya vumbi likiwa kavu maana likishalowa ni tope, kisha jaribu dawa kwenye kona ya nyuma uone kama rangi inachuja, halafu tumia povu badala ya kumwaga maji, brashi laini, futa povu lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo (sabuni ikibaki inanata vumbi, kochi linachafuka haraka kuliko mwanzo), ndo unyonye taratibu mara mbili tatu. Tanki la kwanza linatoka jeusi kama kahawa ya kijiweni, mwonyeshe mwenye nyumba kabla hujamwaga. Na mwambie mapema kuhusu umeme wake wa Luku, mashine ya wati 1,400 ikipiga saa zima inakula unit 1.4.

Bei watu wengi wanahesabu kwa siti, sema unachaji elfu 8, seti ya siti saba ni elfu 56, toa nauli na dawa. TIN, yaani namba ya mlipakodi ya TRA, inatolewa bure, chukua mapema, kuna maofisi hayakupi kazi bila hiyo.

Mteja akikuomba umalizie na choo, naomba hapa unisikilize vizuri: usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, hata kidogo. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kuulia wanajeshi vitani Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na vyoo vyetu vya ndani vingi dirisha lake ni tundu tu. Ukisikia macho na koo vinawasha toka nje kwanza, ndoo iache hapohapo.

Mimi siku hizi kazi ya saa kumi jioni siichukui hata kama hela nzuri, naanza saa mbili asubuhi ili feni na madirisha yapate mchana mzima. Na kabla sijafunga vitu vyangu nachukua kitambaa cheupe kikavu, nakibonyeza kwenye siti kwa kiganja huku nahesabu mpaka kumi, kisha nampa mwenye nyumba akishike mwenyewe. Kikiwa kimelowa, nawasha mashine tena.