Msongo wa seli katika mapafu yenye influenza

Msongo wa seli ni hali inayoikumba seli pale kazi ya kukunja protini inapoizidi nguvu. Karibu kila seli ya mwili ina karakana ya ndani, iitwayo retikulamu ya endoplazimu, ambamo nyuzi za amino asidi, vijenzi vya protini, hukunjwa na kufungwa mpaka zipate umbo. Aliyesimama mbele ya fundi cherehani wa soko la Owino, Kampala, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, anaijua hali hiyo: vitambaa hurundikana, mishono huharibika, fundi huita wasaidizi. Wasaidizi wa seli ndio protini za msongo.

Virusi vya influenza huiteka karakana hiyo. Protini yao ya nje, hemaglutinini, inayovishikiza kwenye seli nyingine, haikai sawa mpaka ifungwe vifundo sita vya salfa, na miongoni mwa wafungaji wake ni PDIA3, protini yetu wenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa dhana hii, kwa kuwa kirusi hubadilika kila mwaka, kama wanavyoshuhudia wataalamu wa Entebbe wanaofuatilia aina zake, ilhali fundi anayemtegemea habadiliki.

Mzigo ukizidi, vihisishi vitatu, IRE1, PERK na ATF6, huipa seli taarifa ya hatari. Mwanzoni taarifa hiyo huokoa, maana utengenezaji wa protini mpya hupungua na wasaidizi huongezeka. Ikiendelea mno, huchochea uvimbe na kuiamuru seli ijiue. Kuta nyembamba za vifuko vya hewa huvuja, majimaji hujaa, na mgonjwa huhema kwa shida hata virusi vinapoanza kupungua. Oseltamivir, dawa ya influenza ambayo hukilenga kirusi chenyewe, hufaa zaidi ikianza kutumiwa ndani ya saa 48, na wagonjwa wetu wengi wa vijijini hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Katika panya walioondolewa PDIA3 kwenye seli za njia ya hewa, virusi na uvimbe vilipungua. Hata hivyo PDIA3 husaidia pia seli kuwaonyesha askari wa kinga vipande vya adui, hivyo kuizuia mwili mzima kungeweza kuidhoofisha kinga yenyewe. Dawa ya kuizuia PDIA3 ingefaa ivutwe kwa pumzi, ifike mapafuni, na itumike kwa siku chache tu.