Mzigo na furushi: kuendesha jumuiya ya waumini wakati watu hawana muda

Makundi mengi ya waumini wanaokutana majumbani huvunjika huku watu wake bado wanapendana. Kinachowashinda ni idadi, saa na fedha, mambo ambayo wengi huona aibu kuyajadili kwa sababu hayasikiki kuwa ya kiroho.

Idadi kwanza. Watu 8 hadi 12 wanatosha. Watu 12 wana jozi 66 za kufahamiana. Wakifika 20, jozi ni 190, na hapo wakimya hujificha nyuma ya wasemaji, hata mtu anaweza kukosekana wiki tatu bila kuulizwa. Mkifika 14, gawanyikeni. Gawanyeni kwa ukaribu wa makazi. Mkiacha marafiki wachaguane, upande mmoja utabaki na wale ambao hakuna aliyewachagua, nao watalijua hilo. Msaidizi wa kiongozi aanze kuongoza baadhi ya vikao miezi mitatu kabla.

Mwaka 1742 mjini Bristol, Uingereza, Wamethodisti walikuwa na deni la jengo. Wakakubaliana kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, na mtu mmoja awapitie wenzake wapatao 12 kukusanya. Wakusanyaji walipoingia majumbani waliona mengine: ugomvi na mienendo ambayo ibadani haikuonekana. John Wesley, kiongozi wao, akaona hapo kuna kazi kubwa kuliko peni, na baadaye ziara zile zikageuzwa kikao cha kila wiki. Naupenda mfano huu kwa kuwa ulianza na deni, wala si na semina ya ushirika.

Kikao kiwe dakika 90, siku ileile kila wiki: chakula 30, Neno 20, hali za watu 25, maombi 15. Chakula kitangulie, maana aliyetoka kazini na njaa hasikilizi. Kiwe chepesi, kwani mwenyeji mmoja akiandaa karamu, mwenye kipato kidogo hatakaribisha tena. Kosa la kawaida ni mwalimu kuzidisha muda na kumeza zile dakika 25, ilhali Matendo 2:42 inataja fundisho, ushirika, kuumega mkate na kusali bila kimoja kufuta kingine. Swali nalo liwe mahususi. Ukiuliza “mnaendeleaje?” utajibiwa “salama tu”. Uliza, “Wiki hii ni nini kilichokulemea?” kisha nyamaza, hata kimya kikikuchosha. Mwenye kazi ya zamu apewe mwenza mmoja wa kuomba naye kwa simu dakika 15, kwa saa wanayoimudu wote wawili.

Kabla ya yote semeni wazi: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtoto akidhuriwa au uhai wa mtu ukiwa hatarini. Kikomo hicho kitajwe siku ya kwanza, kwani kukitaja baada ya mtu kufunguka ni kumsaliti.

Fedha ndipo pagumu. Wagalatia 6:2 inasema tuchukuliane mizigo, na mstari wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Wengine huona mgongano. Mimi naona kanuni ya mfuko wa pamoja wa kusaidiana. Mzigo ni kile kinachomzidi mtu nguvu: msiba, ugonjwa, kupoteza kazi ghafla. Furushi ni matumizi yake ya kila mwezi. Mfuko ukianza kubeba mafurushi, siku ya msiba utakuwa mtupu.

Mmoja ashike fedha, mwingine aandike, wa tatu akague kila baada ya miezi mitatu. Huko si kukosa kuaminiana: Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8, aliupeleka mchango pamoja na wenzake ili asilaumiwe. Wapeni wawili kati yao ruhusa ya kutoa hadi robo ya salio bila kusubiri kikao, maana msiba haungoji siku ya ibada. Kinachozidi hapo kiamuliwe na wote. Na msikopeshane kutoka mfukoni. Mdaiwa akichelewa kulipa huanza kukosa kikao, nanyi mnapoteza fedha na mtu kwa pamoja. Toeni kama zawadi, au semeni mapema kwamba hakuna.

Ugomvi utakuja. Mathayo 18:15-17 ina ngazi tatu: wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Kundi la WhatsApp hupindua ngazi hizo, lawama ikaanzia mbele ya wote. Kundi hilo liwe la taarifa tu: mahali, saa, aliyelazwa. Lawama ikitumwa humo, anayelaumiwa ajibu neno moja, “Nakupigia,” kisha apige kweli, siku hiyohiyo, kabla jua halijachwa.