Nakshi ya tezi ya meli Royal Charles: yanayosemwa na yaliyotokea

Kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, kuna nakshi kubwa ya mbao: simba upande mmoja, farasi mwenye pembe moja upande wa pili, katikati ngao ya wafalme wa Uingereza. Ina hadithi nyingi, na nusu yake haziko sawa.

Dhana: inaonyesha vita vya baharini vya Waingereza na Waholanzi.

Haionyeshi vita vyovyote. Hamna meli wala moshi wala mtu anayezama. Wala si kazi ya Waholanzi. Ni pambo la meli ya Kiingereza, Royal Charles, fahari ya Mfalme Charles II, na imefika Amsterdam kwa kuwa ni nyara.

Wengine husema ilikaa omo, yaani mbele ya meli. Hapana, ni ya tezi, yaani nyuma, na aliyewahi kuona tezi ya jahazi la bagala iliyochongwa hatashangaa kwamba fundi alimalizia ustadi wake huko nyuma. Omoni kulikuwa na sanamu nyingine, nayo ina kisa chake. Meli ilipoundwa mwaka 1655 iliitwa Naseby, na omoni alipanda farasi Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wakati haikuwa na mfalme, akikanyaga mataifa sita. Mwaka 1660 ufalme ukarudi, meli ikapewa jina la mfalme. Cromwell naye baadaye aling'olewa, akawekwa Neptuni, mungu wa bahari. Siasa za mbao hizo.

Dhana: meli ilitekwa baada ya pambano kali.

Laiti ingekuwa hivyo, Waingereza wangekuwa na la kujitetea. Hazina ya mfalme ilikuwa imekauka, kwa hiyo meli kubwa zilifungwa katika mto Medway, Uingereza, bila mabaharia wa kutosha, na mabaharia wenyewe walikuwa wakilipwa kwa hati za ahadi badala ya fedha. Juni 1667 msafara wa Michiel de Ruyter, amiri wa Waholanzi, uliingia mtoni na kuukata mnyororo uliotandazwa Gillingham kuwazuia. Royal Charles ilikuwa karibu tupu, na baadhi ya mizinga yake haikuwemo. Waholanzi wachache tu walipanda wakateremsha bendera. Waingereza huandika tarehe 12, Waholanzi 22. Ni siku ile ile, kalenda ndizo mbili.

Samuel Pepys, aliyekuwa karani wa jeshi la majini, aliandika kwamba ndani ya meli za Waholanzi zilisikika sauti za Waingereza wakisema kwamba zamani walipigania hati, sasa wanapigania fedha taslimu, dola. Kazi ngumu, kwa maelezo yake, ilikuwa kuitoa: mto ulikuwa na maji machache, basi Waholanzi wakailaza meli ubavu ili isizame sana majini, wakateremka nayo.

Dhana: Waholanzi waliipeleka vitani.

Hapana. Ilihitaji maji ya kina zaidi kuliko ya pwani yao yenye mafungu ya mchanga. Ikawekwa Hellevoetsluis, bandari ya Uholanzi, watu wakawa wanakuja kuitazama, na Charles akalalamika kwamba anavunjiwa heshima. Mwaka 1673 iliuzwa ikavunjwavunjwa. Nakshi ikabaki.

Dhana: vita hivyo vya Waingereza na Waholanzi viliisha kwa kubadilishana Manhattan, kisiwa cha New York, na kisiwa cha kungumanga.

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, maana inachekesha: jiji la New York kwa kungumanga, ile ile tunayokwangua kwenye uji! Lakini Mkataba wa Breda wa tarehe 31 Julai 1667, uliomaliza vita hivyo, haukuwa wa kubadilishana. Kanuni yake ilikuwa kila mmoja abaki na alichokishika. Waingereza walikuwa wameshaitwaa New Amsterdam mwaka 1664 na kuiita New York. Waholanzi walikuwa wameiteka Suriname, koloni la Waingereza Amerika ya Kusini, mwanzoni mwa 1667, na Run, kisiwa kidogo cha Banda katika Indonesia ya leo, kilikuwa mikononi mwao. Jiji lenyewe lilikuwa mji mdogo wa bandari. Kilichowavutia Waholanzi zaidi ni sukari ya Suriname na kungumanga ya Banda, ambayo wakati huo haikupatikana kwingine sokoni.

Kinachonikera katika utani huo ni kuwasahau wenyeji. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki aliwavamia watu wa Banda. Maelfu waliuawa, wakafa njaa, wakauzwa utumwani au kukimbia, na mashamba yao yakapewa Waholanzi yakilimwa na watumwa. Breda hakukaa Mbanda hata mmoja mezani.

Na kama Breda ingekuwa biashara iliyofungwa, Waholanzi wasingeirudia New York. Waliiteka tena mwaka 1673, mwaka ule ule Royal Charles ilipouzwa kwa ajili ya mbao zake, wakairudisha kwa Waingereza mwaka 1674.