Isoflavoni si homoni ya kike

Isoflavoni ni kemikali za mimea, na soya inazo kwa wingi kuliko karibu vyakula vyote. Kuu ni jenisteini na daidzeini. Maana ni hiyo tu. Kinachochosha ni kauli inayorudiwa kila soya inapotajwa: "ina homoni ya kike."

Jina lenyewe halisemi hivyo. *Flavus* ni Kilatini, maana yake manjano. Jenisteini nayo imepewa jina la Genista, mmea uliotumika kutia nguo rangi hiyohiyo. "Iso" inahusu umbo: kwenye flavoni, kemikali ndugu za mimea, pete moja ya molekuli imeshikamana na kaboni namba 2, kwenye isoflavoni imehamia namba 3. Kuhama huko kunaipa molekuli umbo linalokaribia la estrojeni, ambayo ndiyo hiyo homoni ya kike, hata ikaweza kukaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, hasa vya aina ya beta. Inakaa, ila nguvu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na homoni yenyewe.

Vipokezi hivyo vimo pia kwenye kuta za mishipa ya damu, na hapa ndipo moyo unapoingia. Vikiguswa, utando wa ndani wa mshipa unaweza kutoa oksidi ya nitriki zaidi, na mshipa ukatanuka. Matokeo hayafanani kwa watu wote: daidzeini hugeuzwa na bakteria wa utumbo kuwa ikwoli, kemikali inayoshika vipokezi hivyo kwa nguvu zaidi, na wengi hawana bakteria hao.

Kolesteroli ni habari nyingine. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliporuhusu vifungashio vya soya vitaje faida kwa moyo, kipimo kilikuwa gramu 25 za *protini* ya soya kwa siku. Mwaka 2017 ikapendekeza kuifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umegongana. Kolesteroli mbaya hushuka kwa asilimia chache tu. Faida huongezeka soya inapochukua nafasi ya nyama yenye mafuta mengi. Tena protini na isoflavoni hutengana kiwandani: protini iliyooshwa kwa alkoholi hupoteza sehemu kubwa ya isoflavoni, na mafuta ya soya karibu hayana kabisa.

Anayetaka kutaja ule ukaribu na estrojeni, neno lipo: fitoestrojeni, "fito" ikiwa mmea kwa Kigiriki. Na akizungumzia kolesteroli, aseme protini ya soya, aziache isoflavoni kwenye mishipa.