Kashinda mnada halafu kaingia mitini: mambo wauzaji tunayodanganyana

Mnada wako wa mtandaoni umeisha, dau limepanda mpaka ukaanza kucheka peke yako, halafu aliyeshinda halipi, kimya. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, unatuma meseji inasomwa haijibiwi. Ukiuliza wauzaji wenzio kila mtu ana dawa yake, na nyingi ya hizo dawa ni uongo wa kupokezana tu, nyingine zilikuwa kweli zamani ila taratibu zimebadilika watu hawana habari. Nitatolea mfano eBay, soko la mtandaoni lenye minada, maana ndio wakongwe, wapo tangu 1995, na wengi wetu tumejifunzia huko.

"Hajalipa leo? Huyo tapeli, futa uza kwa mwingine"

Pole pole. Mnunuzi ana siku 4 za kulipa, na kabla hazijaisha huwezi kufuta oda kwa sababu ya kutolipwa. Na hapa ndipo watu wanajichoma wenyewe, kwa sababu ukiwa na haraka unaona sababu nyingine zipo pale unabonyeza yoyote. Ukichagua kwamba mzigo umeisha hilo ni kosa lako wewe, linahesabika kwenye rekodi yako ya uuzaji kana kwamba wewe ndiye uliyemwangusha mteja. Ukichagua kwamba mnunuzi kaomba kufuta wakati hajaomba, umemsafisha, anaondoka bila doa anaenda kumfanyia mwingine vilevile. Subiri siku zitimie, chagua "hajalipa", basi. Hiyo ndiyo inayomwachia alama yeye, na wewe hubebeshwi ada ya mauzo kwa kitu ambacho hakijauzwa. Hutaki kuhesabu siku, kuna mpangilio kwenye akaunti unawasha, oda inafutwa yenyewe.

Halafu si wote ni wahuni. Mimi nilishawahi kumnunia mtu siku tatu nzima kumbe jamaa kashinda vitu vyangu viwili anasubiri nimtumie ankara moja yenye nauli ya pamoja, mimi namwona mwizi yeye ananiona mvivu. Wengine kadi imekataa na wanaona aibu kusema, wengine wameweka dau kwa wauzaji wawili kwenye kitu kilekile wakidhani watashinda kimoja, wakashinda vyote. Meseji moja ya kistaarabu inatosha, "habari, naona malipo bado, kuna shida yoyote?" Ukituma ya pili yenye vitisho umepoteza, kwanza haimfanyi alipe, pili akiipeleka kwa wasimamizi wewe ndiye utaonekana mbaya.

"Ana asilimia 100 ya maoni mazuri, huyo analipa tu"

Hii ndiyo inayonichekesha kuliko zote. Tangu Mei 2008 muuzaji wa eBay haruhusiwi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya wala ya katikati, ni mazuri tu au unyamaze. Sasa wewe fikiria, kama wote tunaruhusiwa kusifia tu, hiyo asilimia 100 inakwambia nini? Mtu anaweza kuwa kawakimbia wauzaji kumi na bado wasifu wake unang'aa. Rekodi ya kutolipa ipo ila inakaa ndani kwenye mfumo, wewe huioni. Na kinyume chake pia, akaunti yenye sifuri si lazima awe tapeli, kila mtu alianzia sifuri, ukiwafukuza wote unafukuza na wateja wazuri wa kesho. Na tafadhali usijifanye mjanja ukampa alama nzuri halafu maneno ukaandika "HALIPI HUYU", hairuhusiwi na unaweza kuadhibiwa wewe.

"Nikimfutia oda atanilipizia kwa kuniandikia vibaya"

Oda ikishafungwa kwa sababu ya kutolipa, maoni yake mabaya hayakai. Kwa hiyo huo woga acha.

"Si mkataba? Mtandao umlazimishe, la sivyo mahakamani"

Nusu kweli. Dau la mnada wa mtandaoni si utani, mahakama zimeshasema hivyo. Ujerumani mwaka 2001 mahakama yao ya juu ilitambua mauzo ya mnada wa mtandaoni kuwa mkataba halali. Australia mwaka 2007 kulikuwa na kesi ya ndege ya zamani ya kivita aina ya Wirraway, dau lilikuwa dola 150,000 za kule, na pale aliyegoma alikuwa muuzaji, mahakama ikamwambia umeuza, kabidhi ndege. Kwa hiyo sheria inawabana wote wawili. Shida ni hesabu. Mwenye ndege anaweza kulipa wakili, wewe una lenzi iliyotumika na boksi limechanika, utamfuata mtu nchi nyingine kwa lipi? Mtandao wenyewe si mkusanya madeni, utamwekea alama na akizidisha watamfungia, hawatatoa hela mfukoni mwake wakuletee. Siku hizi kwenye baadhi ya minada mtu anatakiwa aweke njia ya malipo kabla ya kupanda dau na akishinda anakatwa moja kwa moja, ila si kila mahali wala si kwa kila mtu, usiitegemee.

"Wa pili atachukua tu kwa bei ileile"

Unaweza kumpelekea ofa ya pili yule aliyeshindwa, ndiyo, lakini halazimiki, na bei inakuwa ile aliyofikia yeye na si ya mshindi. Kwa kawaida tofauti ni ndogo kwa sababu mfumo unampandishia mshindi hatua moja tu juu ya aliyemfuata. Sasa tatizo liko hapa, watu wengi hawalioni: kama waliobaki mwisho walikuwa wawili tu, basi huyo wa pili kapandishwa bei na mtu ambaye hakuwa na nia ya kulipa. Akipata ofa yako anajiuliza, huyu si alikuwa rafiki yake muuzaji anapandisha makusudi? Na ana haki ya kujiuliza, huo mchezo upo na ni kosa, Uingereza mwaka 2010 kuna muuzaji alipigwa faini mahakamani kwa kujipandishia dau mwenyewe. Mimi huwa namtumia ofa na maneno mawili ya ukweli, akikataa simbembelezi, narudisha mnadani. Na usimuuzie kabla hujafunga oda ya kwanza, maana yule wa kwanza ana tabia ya kulipa siku ambayo umeshafunga mzigo wa wa pili.

"Kalipa, kanitumia skrinshoti"

Skrinshoti si hela jamani. Imeili yenye nembo nzuri inayosema malipo yamezuiliwa mpaka utume namba ya mzigo pia si hela. Funga hiyo imeili, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako usipitie linki waliyokupa, oda ikisomeka haijalipwa basi haijalipwa. Huyu ni mbaya kuliko asiyelipa, asiyelipa anakuacha na kitu chako. Na akianza kusema tumalizane nje ya mtandao, au kwa hundi iliyozidi bei wewe urudishe chenji, kata mawasiliano.

"Nimemblok, kwisha habari"

Unablok jina si mtu. Orodha ya eBay inabeba majina hadi 5,000, na yeye kufungua akaunti nyingine ni dakika chache. Kinachosaidia zaidi ni kwenye masharti ya wanunuzi, pale unawasha kuzuia wale wenye rekodi ya kutolipa, mfumo unaiona hata kama wewe huioni. Na kitu ambacho unajua bei yake kabisa, simu iliyotumika kwa mfano, kwa nini ukipeleke mnadani? Weka bei isiyobadilika na malipo ya papo hapo, hapo asipolipa kitu hakitoki sokoni, mwingine anaweza kukichukua wakati yeye bado anafikiria. Mnada mimi nimeubakizia vitu ambavyo sijui thamani yake, na hivyo nikivirudisha mara ya pili huwa nasubiri siku chache kwanza, maana vikitokea kesho yake tu waliokuwepo wanajua kuna kitu kiliharibika na madau yanaanza kwa kusuasua.